Bunduki yangu inagonga bila kulia: niitume kiwandani Marekani?

"Shikamoo fundi. Nina shamba huku Kipumbwi, Pangani, na bunduki ya pampu geji 12 ya kulindia nyumba na mali. Leseni ni ya jina langu na nimeilipia. Tangu masika yaliyopita inanisumbua. Nikivuta kifyatuo inagonga 'ta' bila kulia, si kila mara, ila mara nyingi kiasi cha kunitia wasiwasi. Ikilia, ganda linang'ang'ania ndani mpaka nivute pampu kwa nguvu. Utunzaji wangu si mbaya, kila mwezi naipaka mafuta ya nazi ndani na nje. Mpwa wangu aliyeko Texas ananiambia kwao mtu akiharibikiwa na bunduki anaifunga kwenye boksi, anaipeleka kiwandani, na kiwanda kinamrudishia mlangoni kwake, wala hamna taabu. Nimefikiri niipakie kwenye basi hadi Dar, rafiki yangu aipokee na kuituma kwa kampuni ya vifurushi. Kama bunduki nzima haifai, je, nitume ile bolti, kipande kinachofunga nyuma ya risasi, peke yake? Jirani yangu naye ananishauri nivuke Horohoro, anasema Mombasa kuna fundi hodari. Nishauri kabla sijaharibu."

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla bunduki haijatoka nyumbani. Una maswali mawili yaliyofungwa pamoja: bunduki ina ugonjwa gani, na inaweza kusafiri vipi. Watu wengi huanza na la pili, halafu wakafika mbali bila kujua walichokuwa wanakitibu. Mimi nitaanza na basi, maana hilo ndilo linaloweza kukupeleka mahakamani wiki hii, kisha turudi kwenye ugonjwa wenyewe.

Usiipakie kwenye basi. Si kwenye buti, si kwa konda, si ndani ya gunia la nazi, si ikiwa imefunguliwa vipande viwili. Leseni uliyonayo imefunga vitu viwili pamoja: mtu fulani na silaha yenye namba fulani. Silaha ikiwa mkononi mwa konda, leseni yako haimlindi konda, na konda hawezi kukulinda wewe. Kwenye kizuizi chochote kati ya Segera na Chalinze, askari akifungua mzigo, yule kijana ana bunduki asiyoimiliki, na wewe umekabidhi silaha kwa mtu asiye na kibali. Rafiki yako wa Dar akiipokea anaingia katika shimo hilo hilo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina huruma kwa neno "nilikuwa namtumia tu". Na risasi ndiyo kabisa: mkataba wa Umoja wa Posta Duniani hauruhusu baruti wala kitu chochote cha kulipuka kwenye mfuko wa barua, nchi yoyote ile.

Mpwa wako hakukudanganya. Amekueleza sheria ya kwao. Marekani wana sheria kuu ya silaha ya mwaka 1968, inayomzuia mtu wa kawaida kupokea bunduki kutoka jimbo jingine bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, lakini imeacha mlango mmoja wazi: bunduki inayokwenda kutengenezwa kwa fundi au kiwanda chenye leseni inaweza kutumwa na mwenyewe, na ikishatengenezwa irudi moja kwa moja kwake. Mlango huo ni kwa aliye ndani ya Marekani. Na hata huko si kila mzigo unapokelewa. Bunge lao lilizuia bastola na silaha za kufichika kwenye posta mwaka 1927, na makampuni makubwa ya vifurushi, UPS na FedEx, siku hizi yanapokea bunduki kutoka kwa wafanyabiashara wenye leseni waliowekeana nao mkataba, si kwa kila anayekuja na boksi. DHL, ambayo pengine ndiyo rafiki yako aliyokuwa akiifikiria Dar, inakataa bunduki nzima. Angefika kaunta, akaulizwa "ndani kuna nini?", na hapo angekuwa na majibu mawili tu: aseme ukweli akataliwe, au aseme uongo kwenye karatasi ya forodha.

Bunduki ikivuka mpaka wetu, jina lake linabadilika. Kwako ni kitu kibovu kinachokwenda kwa fundi. Kwa forodha ni silaha inayosafirishwa nje ya nchi, na siku ya kurudi ni silaha inayoingizwa nchini. Katika vitabu vya ushuru vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, silaha na risasi zina sura yao, Sura ya 93, na ni miongoni mwa bidhaa zenye masharti. Hiyo ina maana kwamba kibali cha kutoa kinahitajika hapa, kibali cha kuingiza kinahitajika kule, kisha kule kitahitajika kibali cha kutoa, na hapa tena cha kuingiza. Usipoandikisha forodha wakati inatoka kwamba inakwenda kutengenezwa na itarudi, ikirudi inahesabiwa kama bunduki mpya uliyoiagiza.

Na kuna jambo ambalo mpwa wako hawezi kulijua, kwa sababu kwao si tatizo. Kiwanda kikikuta mwili wa bunduki una ufa, mara nyingi hakishughuliki kuuziba. Kinakupa bunduki nyingine ya aina ile ile, na sheria yao inaruhusu. Utafurahi? Mimi nisingefurahi. Bunduki mpya ina namba mpya. Leseni yako ya Pangani inataja namba ya zamani. Kwa hiyo kilichofika uwanja wa ndege ni silaha isiyo na mwenyewe nchini, na ile yenye leseni imesagwa huko Marekani. Ili kuinyoosha hali hiyo utaanza safari ya umiliki upya, kuanzia serikali ya kijiji hadi kwa Msajili wa Silaha, huku mzigo umezuiliwa. Yeyote anayefikiria kutuma bunduki nje aulize kwanza, kwa maandishi: mtanirudishia hii hii, au nyingine?

Utaniuliza, mbona watalii wawindaji wanashuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na bunduki zao? Wanashuka nazo kwa sababu kampuni za uwindaji zimewaombea vibali vya muda mapema, namba za bunduki na idadi ya risasi zimeandikwa, na mwenye bunduki yuko pale pale na bunduki yake. Njia ipo, lakini si njia ya kifurushi.

Kuhusu bolti peke yake: wazo si baya kifundi, maana inaelekea ugonjwa uko humo humo, na nitakueleza. Kisheria ni lile lile. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ya mwaka 2001 inahesabu mtutu, mwili wa bunduki na bolti kuwa sehemu za silaha zinazodhibitiwa, na forodha inazo kwenye sura ile ile ya 93. Springi ndogo au pini ni habari nyepesi zaidi, lakini hata hizo ziagizwe na duka la silaha lenye leseni. Kifurushi chenye maneno "vipuri vya bunduki" kikija kwa jina lako binafsi, siku ya kukichukua utakuwa na mazungumzo marefu.

Mombasa nalo naliweka kando upesi. Horohoro ni mpaka wa kimataifa hata kama una shemeji Lunga Lunga. Kenya wana sheria yao ya silaha na bodi yao ya leseni, na leseni ya Tanzania haina nguvu upande wa pili wa kizuizi. Fundi anaweza kuwa hodari kweli. Tatizo ni njia ya kumfikia.

Sasa ugonjwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelezo yako yananifanya niamini bunduki yako haihitaji kiwanda.

Ukivuta kifyatuo, nyundo ndogo iliyo ndani inaachiwa, springi inaisukuma, inagonga nyuma ya pini, pini inachomoza mbele kidogo tu na kuipiga fataki iliyo katikati ya kitako cha risasi. Fataki hulipuka kwa kugongwa kwa nguvu na kwa ghafla. Ikigongwa polepole au kwa uvivu, inabonyea bila kuwaka, na wewe unasikia ile "ta". Basi kila kitu kinachompunguzia pini mwendo ni mtuhumiwa: springi iliyochoka, pini iliyokatika ncha, kutu kwenye tundu lake, uchafu ulioganda, au bolti ambayo haikufunga hadi mwisho, kwa hiyo nyundo inatumia nguvu zake kumalizia kuisukuma bolti badala ya kuipiga fataki.

Na hapo, mwanangu, naomba tuzungumze kuhusu mafuta ya nazi. Najua Pangani yapo kila nyumba, na kwa wali na samaki sina ugomvi nayo. Lakini mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai na Agosti huko kwenu hushuka chini ya hapo. Mchana yanayeyuka, yanaingia ndani zaidi ya bolti, yanaokota vumbi na masizi ya baruti, usiku yanaganda tena. Yakikaa miezi yanachacha, na mafuta yaliyochacha yana asidi, nayo asidi inakula chuma. Umekuwa ukiipaka kila mwezi, yaani kila mwezi umekuwa ukiongeza ute mwingine juu ya ule wa zamani, kwenye tundu ambalo pini yake inatakiwa kukimbia kama mshale. Mtu aliyenipa habari kwamba bunduki inagonga bila kulia, na papo hapo akasema anapaka mafuta ya kula, amenipa nusu ya jibu.

Nusu nyingine ni ganda kukwama. Chemba, pale risasi inapokaa, lazima iwe laini. Risasi ikilia, ganda linatanuka na kubana ukuta wa chemba kwa muda mfupi sana, kisha linarudi na kuachia. Ukuta ukiwa na vishimo vya kutu, ganda linatanukia ndani ya vile vishimo na kushika. Kipumbwi mko ufukweni. Upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya kabati, na chemba ni mahali watu wengi hawapafikii na kitambaa, wakisafisha wanapitisha tu kwenye mtutu. Sababu ya pili inayofanana na hiyo ni risasi ndefu kuliko chemba. Soma kilichochongwa ubavuni mwa mtutu. Utakuta inchi 2¾, ambayo ni milimita 70, au inchi 3, ambayo ni milimita 76. Urefu ulioandikwa kwenye boksi la risasi ni wa ganda lililokwisha kulia na kufunguka mdomo, si unavyoliona kabla. Ndiyo maana risasi ya milimita 76 inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 70, halafu mdomo wake ukose nafasi ya kufunguka, mgandamizo uongezeke na ganda ling'ang'anie. Hilo ni la hatari, si la usumbufu tu.

Na usiisahau risasi yenyewe. Kama ni boksi lililopita masika mawili kwenye droo, fataki inaweza kuwa imelowa unyevu. Angalia kitako cha risasi iliyogoma. Fataki ikiwa na alama hafifu ya kugongwa, lawama ni ya bunduki. Ikiwa imebonyea sawasawa na haikuwaka, lawama ni ya risasi. Ukiwa na mbili tatu za namna hiyo, mpelekee fundi pamoja na leseni yako, zitamsaidia kuliko maelezo ya dakika kumi.

Lakini usizitoe haraka. Bunduki ikigonga bila kulia, ielekeze mahali salama na uhesabu hadi sitini kabla ya kufungua. Baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa na kulia wakati bolti iko wazi. Na ikitoa mlio mdogo, wa kubweteka, acha papo hapo. Huenda marisau au kifuniko cha ndani kimebaki katikati ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua.

Tafadhali usimpe fundi wa magobole wa kijijini. Namheshimu kwa ujuzi wake wa kufua chuma, ila pini aliyoichonga kutoka kwenye msumari ikiwa ndefu kidogo au ncha yake ni kali, inaitoboa fataki badala ya kuibonyeza, na moto unarudi nyuma kuelekea usoni mwako. Isitoshe, kutengeneza silaha za watu bila leseni ya ufundi ni kosa, na bunduki yako ikikamatwa kwake wewe ndiye mwenye namba.

Ufanye nini basi? Kwa maoni yangu njia yako ni fundi wa silaha mwenye leseni hapa hapa nchini, kwa kawaida yule anayefanya kazi na duka la silaha. Uliza duka lililokuuzia. Wao ndio wenye mawasiliano na msambazaji, na dhamana ya kiwanda, kama bado ipo, hupitia kwao. Angalia pia dhamana inasema nini, maana nyingi ni za mnunuzi wa kwanza pekee, na kutu ya chumvi hazihesabu kuwa kosa la kiwanda. Fundi ataifungua bolti, ataiosha, atapima springi, atakagua ncha ya pini, ataing'arisha chemba. Ni kazi ya benchi, si kazi ya kuvuka bahari. Akihitaji kipuri, duka litakiagiza kwa kibali chao, na bunduki haitatoka nchini.

Safari ya kwenda kwa fundi uifanye mwenyewe, na leseni mfukoni, bunduki ikiwa tupu ndani ya mfuko wake, risasi kando. Kabla ya kuondoka mtaarifu OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, wa Pangani na uombe barua inayotaja namba ya bunduki, unakwenda wapi na kwa kazi gani. Barua hiyo itakuokolea saa nyingi barabarani. Ukielekea Dar, pitia Tanga, Muheza, Segera na Chalinze. Najua kutoka Kipumbwi njia ya Mkwaja inakuvuta, unashuka moja kwa moja hadi Bagamoyo, lakini inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na kuingia hifadhini na silaha bila kibali ni kesi nzito kuliko hii yote tunayoizungumza. Ukiiacha kwa fundi, dai hati ya mapokezi yenye namba ya bunduki, tarehe na muhuri. Kaa nayo pamoja na leseni mpaka siku ya kuichukua.

Sitakuficha kwamba kuna hali ambazo kiwanda ndicho chenye jibu. Mwili wa bunduki ukiwa na ufa, mtutu ukiwa umevimba, au kiwanda chenyewe kikitangaza kwamba bunduki za namba fulani zina kasoro, fundi wa hapa hatakiwi kujaribu. Hapo duka lenye leseni ndilo linaloomba kibali cha kuitoa kwa Msajili, linaandikiana na kiwanda, linashughulika na forodha na shehena ya ndege. Ni miezi, na vibali, mizigo na ada vikijumlishwa, kwa bunduki ya pampu ya kawaida gharama huweza kuipita bei ya bunduki. Ingekuwa bunduki ya mitutu miwili ya babu, iliyotengenezwa kwa mkono Birmingham au Gardone kule Italia, ningekwambia fikiria. Kwa hii yako, ikionekana mwili umepasuka, ningeisalimisha polisi kwa maandishi na kuanza maombi ya nyingine. Leseni ya hii haihamii kwa mpya, hilo ulijue mapema.

Kwa sasa, mafuta ya nazi yaache. Nje ya bunduki futa kwa kitambaa kikavu, kisha mafuta membamba ya madini. Mafuta ya cherehani yanafaa kama huna ya bunduki. Matone machache yanatosha, chuma kiwe na ung'aavu, kisiwe kinachuruzika. Pitisha brashi na kitambaa kwenye mtutu na chemba kama kitabu cha bunduki kinavyoeleza. Ndani ya bolti usiingie, wala usichokonoe tundu la pini kwa waya au sindano. Usiitumie tena, hata kujaribu "risasi moja tu nione", mpaka fundi aione. Bunduki inayolia ikitaka ni mbaya kuliko isiyolia kabisa, kwa sababu unaitegemea.

Kama fundi wa karibu atachukua wiki kadhaa kukupa nafasi na hutaki ikae nyumbani ikiwa mbovu, kituo cha polisi kinaweza kuihifadhi, nao wakupe stakabadhi. Siku ya kwanza utakapokwenda kumwona OCD, nenda na leseni na nakala yake. Bunduki ibaki kwenye sefu ikiwa tupu, na yeye akuambie uilete lini na kwa utaratibu gani.